Kumbukumbu Baada ya Nusukaputi: Je, Yafaa Kusema "Kurudi"?

Katika tafsiri za maelezo ya wagonjwa huonekana usemi kwamba mtu aliyepasuliwa kwa nusukaputi "atarudiwa na kumbukumbu". Sarufi yake haina dosari. Hata hivyo hatuukubali utumike ovyo, kwani mara nyingi humwahidi mgonjwa kitu kisichokuwapo.

Kinachorudi ni kile kilichoondoka. Mgonjwa aliyepewa dawa kama midazolamu kabla ya upasuaji aweza kuzungumza na wauguzi, akajibu maswali, hata akafanya mzaha. Kesho yake hakumbuki hata neno moja. Dawa hiyo huuzuia ubongo kuhifadhi mambo mapya. Mazungumzo yale hayakupotea: hayakuhifadhiwa kamwe. Basi mfasiri na aandike kwamba mgonjwa "hatayakumbuka" mambo ya saa zile, asimwache akingoja. (Wapo waandikao "ganzi ya mwili mzima" badala ya nusukaputi. Bila shaka wanafuata jina la Kigiriki alilolipendekeza Oliver Wendell Holmes mwaka 1846, lenye maana ya kukosa hisi. Lakini mwenye ganzi kwetu ni mtu aliye macho.)

Tofauti kabisa ni hali ya mzee azindukaye asijue yuko wapi, akamwita bintiye kwa jina la marehemu dada yake, usiku akataka kung'oa mipira ya dawa. Kumbukumbu zake za zamani zipo. Kilichovurugika ni akili ya kuzipanga. Hali hii huweza kudumu saa au siku kadhaa. Hapa ndipo tafsiri legevu inapodhuru: jamaa walioambiwa kwamba kumbukumbu "zitarudi" hukaa kimya, na hali pengine chanzo ni maambukizi au upungufu wa oksijeni, jambo la kumwita muuguzi mara moja. Tunapendekeza "kuchanganyikiwa baada ya upasuaji". "Kuweweseka" hatukuafiki, kwani msikilizaji atadhani ni ndoto tu. "Wazimu" ni tusi.

Usemi wa "kurudi" tungeuachia wale ambao, hasa wazee, husahausahau kwa majuma au miezi baada ya upasuaji mkubwa, kisha wakapata nafuu. Hata hapo kinachorudi ni uwezo wa kukumbuka, na ni vema mfasiri aseme hivyo.