Hadisi ya Papa Mwanamke

Wengi wetu tumekwisha kuulizwa: «Ni kweli kwamba zamani mwanamke alikuwa Papa?» Tujibu bila woga, lakini tusijibu mbiombio, maana hadisi hiyo inaleta maswali mawili.

La kwanza: ni kweli? Martino wa Opava, Mdominikano wa karne ya 13, aliandika kwamba msichana mmoja alivaa mavazi ya kiume, akasoma Athene, akafundisha Roma, akachaguliwa Papa nyuma ya Leo IV. Alitawala miaka 2, miezi 7 na siku 4, kisha akazaa mtoto njiani, katikati ya Koloseo na kanisa la Mtakatifu Klementi, akafa. Lakini Leo IV alikufa mwezi wa 7 mwaka 855, na Benedikto III alimfuata mwaka ule ule. Kuna feza ya Roma yenye majina ya Benedikto na kaisari Lotari, naye Lotari alikufa mwaka 855. Miaka ile 2 itaingia wapi? Hata David Blondel, mchungaji wa Kiprotestanti, aliikanusha hadisi hii mwaka 1647.

La pili: inafundisha nini? Martino anakubali kwamba hakuna aliyelingana na mwanamke huyo kwa elimu. Hataji amri mbaya wala fundisho potovu lililotoka kwake. Anamwangusha kwa mimba tu. Basi hadisi haionyeshi kwamba mwanamke hawezi kuongoza, inamcheka tu. Anayeitumia kuwazarau wanawake anachota maji kwa kikapu.

Mtu atasema: «Lakini upadri ni wa wanaume.» Ndivyo Eklezia inavyofundisha, na fundisho hilo halina haja ya uwongo wa kulikinga. Tena mamlaka si ya altare peke yake. Katarina wa Siena, binti wa mtia rangi nguo, hakujificha katika mavazi ya kiume. Alimsihi Papa Gregori XI wazi atoke Avignon, naye Papa alirudi Roma mwaka 1377. Mwaka 1970 Paulo VI alimtangaza Katarina kuwa Mwalimu wa Eklezia.

Basi, ndugu mapadri na makatekista, mama akisimama katika baraza ya parokia kutoa shauri, tusimnyamazishe kwa kicheko cha hadisi hii. Tupime shauri lake: likiwa jema, tulifuate.