Mbao za Ghorofani: Mafuta ama Vanishi

Nyumba za Mji wa Kale wa Mombasa zimejengwa kwa matumbawe, chokaa na boriti za mikoko, na sakafu zake za asili ni za chokaa iliyopigwa hata ikashikamana; walakini katika majumba ya ghorofa yenye roshani, yaliyosimamishwa zama za biashara na Bara Hindi, vimo vyumba vya juu vilivyotandikwa mbao, na mwenye nyumba anapozibadili zilizochakaa, suali lake la kwanza kwa seremala ni zipakwe nini zidumu.

Aghalabu hujibiwa vanishi ya poliurethani, nami sistaajabu, kwani kemia hiyo, aliyoivumbua Otto Bayer na wenzake kule Ujerumani mwaka 1937, imetupa utando ambao mafuta hayashindani nao kwa ugumu. Illa hewa ya kisiwani ina hukumu yake. Masika yakiingia, ubao hunywa unyevu ukatanuka kwa upana. Jua la kaskazi likiwaka, hunywea. Na utando mgumu, usioweza kuufuata mwendo huo mwaka baada ya mwaka, hupasuka penye maungio, mchanga wa nyayo ukaukwaruza, maji ya deki yakapenya chini yake, hata ukabambuka. Hapo hakuna kiraka kifichikacho: sharti chumba kizima kihamwe, kipigwe msasa mpaka ubao mtupu.

Watu wa bahari waliitambua hoja hii zamani. Majahazi yaliyotia nanga Bandari ya Kale, yakitoka Ghuba na Uhindi, yalipakwa sifa, mafuta ya papa, sehemu ya juu ya maji, na chini yakapakwa shahamu iliyochanganywa na chokaa. Wala nahodha hakutaraji dawa hiyo idumu milele, bali alijua kwamba chombo kikikalishwa pwani kwa maji ya bamvua, mabaharia wataikwangua iliyokwisha nguvu na kuipaka mpya.

Kwa sababu hiyo, kwa vyumba ambamo watu huvua viatu mlangoni, nachagua mafuta ya kitani yaliyopikwa, ambayo huingia ndani ya nyuzi za mti na yakififia mahali hupakwa mahali hapo tu. Mabichi huchelewa kukauka na huota kuvu wakati wa mvua. Ya nazi hayakauki kamwe, hunata na kukusanya vumbi. Jikoni na dukani, ambako maji na viatu havikomi, vanishi inastahiki.

Lakini dawa yoyote huharibiwa na maandalizi mabaya. Mbao zikae ghorofani majuma kadhaa kabla ya kupigiliwa, zizoee hewa ya chumba, na uso wa chini nao upakwe mkono mmoja, kwani ubao uliozibwa juu tu hunywa unyevu chini ukajikunja. Msaji una mafuta yake ya asili yaizuiayo dawa kushika. Hivyo baada ya msasa ufutwe kwa spiriti, ukikauka upakwe siku ile ile, kabla mafuta hayo hayajapanda tena. Mvule pia hucheleweshea baadhi ya vanishi kukauka, basi jaribu kwanza kwenye kipande kilichobaki.

Kila mkono wa mafuta uwe mwembamba, na kinachosalia juu kifutwe baada ya robo saa. Matambara yaliyolowa mafuta ya kitani yasirundikwe pembeni, maana hupata joto yenyewe yakawaka moto bila kibiriti: yatandazwe nje yakauke, ama yatiwe katika ndoo ya maji.