Kuku Hawajilei

Ukitaka kumuudhi shangazi yangu, mwambie kuku wa kienyeji hana kazi: unamfungulia asubuhi, anachakura huko na huko, magharibi anarudi bandani mwenyewe, na kilichobaki kwako ni kuchinja. Hatabishana nawe. Atakuuliza tu, "Umeshawahi kuatamisha?" Mara nyingi mazungumzo huishia hapo, maana wengi wetu tunaowasifu kuku wa kienyeji tunafahamiana nao sahanini.

Yeye anafugia Mbagala, Dar es Salaam, katika ua usiozidi chumba na sebule. Humo mna mwembe, kamba ya kuanikia nguo, pipa la maji, na banda la mabanzi lililoinuliwa juu ya nguzo fupi ili panya wasipate pa kupenyea. Hakuna zaidi ya hapo. Lakini kaa naye asubuhi moja ndipo utajua kwamba kinachofanyika pale ni ufundi, tena ufundi usio na cheti wala ubao wa tangazo nje ya nyumba.

Chukua hilo la kuatamisha. Tetea wa kienyeji hutaga mayai 10 hadi 15, kisha hukaa. Kwa siku 21 anayageuza mayai kutwa kucha, anatoka kidogo kula na kunywa, anarudi. Wakishaanguliwa, analea miezi miwili mitatu bila kutaga tena. Ukimwacha afuate nafsi yake, mwaka utakatika ukiwa na vifaranga wa rika tofauti wanaosukumana kwenye pumba, wadogo wakikosa. Sasa shangazi anafanya hivi: akiwa na matetea watatu wanaotaga kwa kupishana kidogo, wa kwanza akianza kukaa anamwondolea mayai, anayaweka mahali penye ubaridi, ncha iliyochongoka ikiangalia chini, na kumwachia mayai viza mawili ya kumdanganya. Wa pili akikaa, hivyo hivyo. Akishakaa wa tatu, wote wanarudishiwa mayai mazima usiku mmoja. Lazima iwe usiku, kwa sababu kuku gizani hana ubishi. Siku ya saba mayai yanapimwa kwa tochi: lenye mishipa ya damu linabaki, lililo angavu tupu linatolewa. Vifaranga wanaanguliwa pamoja, koo mmoja anakabidhiwa wote, na wale wawili, baada ya kununa kwa muda, wanarudi kutaga. Nimewasikia watu wakiuita utaratibu huu teknolojia. Shangazi anauita kuwabana.

Kisha kuna kunguru. Bara adui wa mchana ni mwewe. Dar es Salaam mwenye mji ni kunguru wa India, ndege aliyeletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 ili ale takataka, naye akavuka bahari na kula mengine. Kunguru hana haraka ya mwewe. Anatua juu ya bati, anatazama. Mwenzake anashuka upande wa pili na kumchokoza koo, na koo akigeuka tu, kifaranga hayupo. Wapo wanaowapaka vifaranga rangi ya zambarau au ya waridi wakiamini itamtisha. Mie nimewaona kunguru wa Mbagala wakila kila rangi. Kinachosaidia ni tenga kubwa lililofunikwa chandarua chakavu, na uvumilivu wa kuwaweka vifaranga humo hadi miili ijaze kidogo.

Ila kinachonishangaza zaidi ni sikio lake. Koo ana mlio wa hatari ya angani na mwingine wa hatari ya ardhini. Wataalamu wa tabia za ndege wamelithibitisha hilo kwa majaribio; shangazi analijua akiwa jikoni anamenya vitunguu. Ukisikika ule mlio mwembamba wa kuvuta, hainuki kwa pupa, kwani vifaranga huwa wameshajikusanya chini ya mama yao. Zikisikika kelele za kukatika-katika, anaacha sufuria motoni na kushika ufagio, maana huyo ni paka, au kenge aliyefuata mayai.

Magharibi hahesabu kuku. Anasimama mlangoni mwa banda na kuwatazama wakiingia: nani kaingia wa mwisho, nani mabawa yameshuka, nani amejitenga. Mmoja mmoja anampapasa chini ya shingo kujua kama amekula akashiba. Asubuhi anasoma kinyesi. Wakati wa masika, maranda yakilowa, chenye damu kinamwambia kuhara damu kumeingia kwa vifaranga, naye anatoa maranda yote siku hiyo hiyo, mvua inyeshe isinyeshe. Vipele vikitokea kwenye upanga na kope, anajua mbu wameleta ndui. Kinyesi chenye rangi ya kijani ndicho kinachomkosesha usingizi.

Hapo tumefika kwa mdondo, au kideri kama wengine wanavyouita. Kuku anahema mdomo wazi, shingo inapinda, na baada ya siku chache banda zima liko kimya. Ugonjwa huu ulielezwa na wataalamu tangu 1926, Java na Newcastle ya Uingereza, na hadi leo hauna dawa. Watu wamejaribu pilipili, mwarobaini, shubiri, majivu. Wengine, wakiona kuku wa kwanza amezubaa, hufanya jambo nisilolipenda hata kidogo ingawa naelewa linatoka wapi: wanawauza waliobaki haraka haraka, na ugonjwa unapanda basi ndani ya tenga kwenda mtaa mwingine. Ada ya shule haisubiri, najua. Lakini kuna mtu upande wa pili wa tenga lile. Ndiyo maana kuku anayenunuliwa sokoni, hata awe mnene vipi, shangazi humfunga kipande cha kanga mguuni na kumweka mbali na wenzake kwa wiki mbili. Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Yeye anaitumia kamba ile kama karantini.

Kinga yenyewe ipo. Chanjo ya I-2 inavumilia joto kuliko zile za zamani, inazalishwa hapa hapa Tanzania, na mtu yeyote mwenye mkono mtulivu anaweza kuitia: tone moja kwenye jicho moja, kila baada ya miezi mitatu. Bei yake si tatizo. Tatizo ni kwamba chupa moja ina dozi za kuku wengi sana, na ikishafunguliwa haiwekwi ikasubiri. Mwenye kuku 12 atafanyaje? Atagonga milango.

Na milango mingine ni migumu. Jirani wa nyuma ana matuta ya mchicha, na kuna kipindi ukuta wa kati ulianguka, kuku wakaingia, mchicha ukaisha, kesi ikafika kwa mjumbe. Tangu siku hiyo salamu zao ni za kuhesabu. Jirani huyo ana majogoo wawili tu. Siku ya chanjo shangazi hupiga hodi kwake kabla ya kwa mwingine yeyote, kwani mdondo ukiwapata wale wawili, utavukia pale pale walipovukia kuku. Jirani anakuja na majogoo kwapani. Mmoja anabana mabawa, mwingine anapanua kope, tone linaingia, wanangoja jogoo apepese ndipo wanamwachia, anakwenda zake akijikung'uta kwa hasira.

Mara ya mwisho jirani alichelewa kuondoka. Alisimama karibu na banda, akaukagua mfuko wa samadi ya kuku uliokuwa hapo, akauliza kama inafaa kwenye mchicha.

"Ikioza vizuri, jirani," shangazi alimjibu. "Mbichi itakuunguzia matuta yote, halafu uje useme ni kuku wangu."