Kwanza Kavu, Kisha Friji

Mwaka 1892, Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani katika eneo la Tanga, alimpelekea baba yake huko Ujerumani mbegu za ua dogo la zambarau la misitu ya Usambara. Zikamfikia Hermann Wendland, mkuu wa bustani za Herrenhausen mjini Hannover, naye mwaka 1893 akalipa jina Saintpaulia ionantha. Leo liko madirishani kote Ulaya na Marekani. Habari hii husimuliwa kama bahati ya bwana mmoja mpenda maua. Kwangu mimi, sifa ni ya mbegu yenyewe: inavumilia kukaushwa. Lau angetuma anthurium, ua jingine la sebuleni, mambo yangekuwa mengine, maana mbegu ya anthurium ikikauka hufa. Hupandwa mara tu inapotolewa kwenye tunda.

Saintpaulia ya ndani ya nyumba ni nadra kujizalia mbegu. Chavua yake imefungiwa katika vifuko viwili vya njano, na msituni humwagika nyuki anapoling'ang'ania ua na kuvuma. Sebuleni kazi hiyo ni yako. Chana kifuko kwa pini, gonga chavua idondokee ukuchani, kisha igusishe kwenye ncha ya kile kijiti chembamba kinachochomoza pembeni mwa ua. Ikishika, baada ya wiki moja au mbili kitako cha ua huvimba. Kinachofuata ni subira ya miezi 4 hadi 6, pengine zaidi, mpaka kikonyo kinyauke na tunda liwe la kahawia. Lichume, uliache kivulini wiki kadhaa likauke vizuri.

Kabla ya kulipasua, zima feni. Mbegu ni laini kama ugoro, na upepo kidogo tu unazimaliza zote. Lipasulie juu ya karatasi nyeupe iliyokunjwa katikati, uinamishe karatasi na kuigonga taratibu: mbegu huteleza, makapi hubaki nyuma.

Hapa ndipo wengi wa mwambao wanapoharibu. Wanazifunga kwenye nailoni na kukimbilia friji. Wataalamu wa mbegu wana kanuni ya makadirio iliyowekwa na James Harrington: unyevu wa mbegu ukipungua kwa asilimia 1, umri wake ghalani huongezeka maradufu, joto likishuka kwa nyuzi 5, vivyo hivyo. Kutoka nyuzi 30 za chumbani hadi 5 za friji ni maradufu tano, yaani mara 32. Lakini kushusha unyevu kutoka asilimia 13 hadi 8 nako ni mara 32, tena bila umeme. Ukifanya yote mawili, faida huzidishana. Ukiweka mbegu mbichi kwenye friji, umefuga ukungu.

Tatizo ni kupima ukavu. Mahindi utayang'ata, au utayatikisa na chumvi kwenye chupa uone kama inaganda. Mbegu hizi ni ndogo kuliko chumvi yenyewe. Basi tegemea kikaushio. Kaanga mchele bila mafuta mpaka ubadilike rangi, uache upoe ndani ya chupa ya kioo iliyofungwa, kisha tia mbegu zikiwa kwenye bahasha ya karatasi yenye jina na tarehe. Baada ya wiki mbili badilisha mchele, funga kabisa, ndipo uipeleke friji. Siku ya kuitoa, usiifungue ingali baridi: mvuke wa hewa ya chumbani utageuka maji juu ya mbegu, na kazi yote imepotea.

Kuotesha ni rahisi. Nyunyiza juu ya udongo laini, usifukie kwa sababu zinahitaji mwanga, mwagilia kwa chini; wiki mbili au tatu zinatosha. Ila usitarajie nakala ya mama. Anayetaka ua lilelile apandikize jani. Mbegu huleta sura mpya, na hiyo ndiyo thamani yake: kampuni ya Armacost & Royston ya Los Angeles ilipanda mbegu kutoka Ujerumani na Uingereza mwaka 1926, ikachagua aina 10 zilizoanzisha biashara kubwa ya ua hili Marekani.

Ukipanda milima ya Usambara hadi Amani ukaikuta saintpaulia mwambani, iache na matunda yake. Makazi yake ya asili yanazidi kupungua, na ya kwenye chungu chako itakupa mbegu za kutosha.