Kiungo Kisichokuwapo: Uhakiki wa Nyaraka za Django kwa Jicho la Mwanafunzi wa Ukanda wa Dhahabu

Sehemu hii inahakiki matumizi ya viungo katika nyaraka za Django, kiunzi cha kutengenezea programu za wavuti kilichotolewa kwa umma mwaka 2005. Kiunzi hiki kimeteuliwa kwa sababu mbili. Kwanza, kina watumiaji katika mazingira yetu: mkutano wa kwanza wa DjangoCon Africa ulifanyika Zanzibar mwezi Novemba 2023, na uliofuata ukafanyika Arusha mwaka 2025. Pili, nyaraka zake zimepangwa kwa uangalifu katika makundi manne: masomo ya hatua kwa hatua, miongozo ya mada, marejeo, na maelekezo ya kazi mahususi.

Hoja ya msingi ni kwamba mpangilio wa namna hiyo hutegemea viungo. Maarifa yakishagawanywa katika makundi, kiungo ndicho humvusha msomaji kutoka kundi moja hadi jingine. Kisipokuwapo, msomaji hatambui hata kwamba kuna jambo asilolijua.

Mfano umo katika sehemu ya pili ya somo la mwanzo. Mwanafunzi huunda majedwali mawili, la maswali na la majibu, kisha huyahusisha kwa ForeignKey. Katika mstari huohuo huandika CASCADE. Jina la kwanza limeelezwa na kuwekewa kiungo. La pili limepitwa kimya. Maana yake ni kuwa rekodi kuu ikifutwa, rekodi zote zinazoitegemea hufutwa pia. Maelezo hayo yamo katika marejeo, pamoja na ya PROTECT, mbadala unaozuia ufutaji huo.

Katika mfano wa kura za maoni unaotumiwa na somo, hasara ni ndogo. Tumchukulie sasa mwanafunzi wa Katoro au Kahama anayetengeneza programu ya kuorodhesha mifuko ya mawe inayotoka katika kila duara, pamoja na wachimbaji wanaostahili mgawo. Akinakili mstari ule kama ulivyo, siku duara lililofungwa litakapofutwa katika hifadhidata, kumbukumbu za mifuko na migawo zitaondoka nalo. Mchimbaji asiye na karatasi nyingine atakosa ushahidi wa kudai haki yake.

Inaweza kujengwa hoja kwamba viungo vingi humchosha anayeanza kujifunza. Hoja hiyo ina uzito, na hatupendekezi kila istilahi iwekewe kiungo. Tunachopendekeza ni kigezo: kiungo kiwekwe pale ambapo kutojua kunaweza kuleta hasara isiyorekebishika. Aidha, kiungo cha ForeignKey hakitoshelezi, kwani humfikisha msomaji katika ukurasa mrefu bila kumdokeza atafute nini. Kwa anayesoma kwa bando la kupimwa, ukurasa usio na sababu dhahiri ya kufunguliwa haufunguliwi.

Hivyo basi, atakayezitafsiri nyaraka hizi kwa Kiswahili asiishie kuhamisha maneno. Ahakiki pia viungo, na aepuke mazoea ya kuandika "bofya hapa". Maneno ya kiungo yataje kinachofuatwa, kwa mfano, "namna ya kuzuia rekodi zisifutwe". Msomaji akiyaona maneno hayo, atajua hatari iliyopo hata kabla ya kukifungua kiungo chenyewe.