Machozi ya Monika na Ulimi Wake

Msomaji, huenda katika darasa lako mna msichana aitwaye Monika, na kama hayumo, yumo katika darasa la jirani. Mwulize habari za mtakatifu aliyempa jina. Aghalabu atakujibu kwamba alikuwa mama aliyemlilia mwanawe mpotevu miaka mingi hata akatubu. Jibu hilo ni la kweli, wala simkosoi atakayelitoa. Lakini nimekisoma mara kadha wa kadha kitabu kilichotuletea habari hizo, na kila nisomapo naona kwamba machozi ndiyo sehemu iliyo nyepesi kukumbukwa, siyo iliyo bora. Monika wa kitabuni ana kitu kingine ambacho wahubiri na wachora picha wamekiacha nyuma. Ana ulimi.

Kitabu chenyewe huitwa Maungamo. Aliyekiandika ni Augustino, askofu wa Hippo, mji wa pwani ambao leo huitwa Annaba katika nchi ya Algeria. Alikiandika kwa Kilatini baina ya mwaka 397 na 400 hivi, akakigawa katika vitabu 13, na katika vitabu 9 vya kwanza akasimulia maisha yake toka kuzaliwa mwaka 354 mjini Thagaste mpaka kufa kwa mama yake mwaka 387. Thagaste nayo imo katika Algeria. Jina lake la sasa ni Souk Ahras. Basi usidhani kwamba habari hizi ni za Ulaya. Mama huyu ni mwanamke wa Afrika, na wataalamu wengi huona kwamba hata jina lake lina asili ya Waberiberi, wenyeji wa kale wa nchi ile. Baba, Patricius, alikuwa na ardhi kidogo na kiti katika baraza la mji, wala hakuwa Mkristo mpaka karibu na mwisho wa maisha yake. Nyumba moja ilikuwa na imani mbili, jambo ambalo msomaji wa Kenya hahitaji kufafanuliwa sana.

Kabla hatujaendelea, angalia namna kitabu kilivyoandikwa. Augustino hasemi nasi. Tangu mwanzo anasema na Mungu, na sisi tumesimama kizingitini tukisikiliza sala ya mtu mwingine. Uandishi wa namna hiyo una nguvu, maana mtu asemaye na Mungu hawezi kujifanya kwamba hakutenda alilolitenda. Una hatari yake pia: watu wengine huingia katika habari pale tu wanapomfaa yule asaliye. Kumbuka hatari hiyo, kwa kuwa tutakutana nayo.

Haya, tuyatazame machozi. Augustino alipokuwa kijana aliifuata dini ya Mani, nabii aliyetoka Uajemi, na mama yake akachukizwa hata akakataa kula naye meza moja. Akaenda kwa askofu mmoja kumsihi aseme na kijana. Askofu akakataa, akaeleza kwamba kijana mwenye kiburi cha mafunzo mapya hafundishiki, na kwamba siku moja atagundua kosa lake kwa kusoma kwake mwenyewe. Monika hakutosheka. Akazidi kusihi na kulia, mpaka askofu akamwambia aende zake, akimpa neno la faraja juu ya machozi yale. Neno hilo ndilo lililopata umaarufu. Lakini soma tena mistari iliyotangulia: askofu alikuwa amechoka naye. Mwanamke huyu hakuwa wa kulia pembeni kimya kimya. Alimshika mkubwa wa kanisa kwa maneno asimwachilie.

Habari ya ndoto yafunua zaidi. Monika aliota amesimama juu ya ubao, akajiwa na kijana mwenye kung'aa aliyemtuliza na kumwonyesha kwamba mwanawe amesimama pale pale aliposimama yeye. Alipomsimulia Augustino, huyu akaigeuza ndoto kwa ujanja wa msomi, akadai maana yake ni kwamba mama ndiye atakayekuja kuifuata dini ya mwana. Mama hakufikiri hata kidogo. Akajibu papo hapo kwamba hakuambiwa kuwa yeye yupo alipo mwanawe, bali mwanawe yupo alipo yeye. Augustino akiri kwamba jibu lile lilimgusa kuliko ndoto yenyewe. Na tujiulize Augustino alikuwa nani. Kazi yake ilikuwa kufundisha ufasaha wa kusema mbele ya mabaraza na mahakama. Aliishi kwa kuuza maneno, kwanza nyumbani, kisha Karthago, kisha Roma na Milano. Mtu wa kazi hiyo ameshindwa kwa sentensi moja na mama asiyesoma shule ya ufasaha.

Miaka ilipita, mwana akautumia ufasaha wake kumdanganya mama. Mwaka 383 alikusudia kwenda Roma, na Monika akamshikilia pwani ya Karthago, ama warudi nyumbani wote wawili ama waende wote wawili. Akamwambia kwamba ana rafiki asiyetaka kumwacha mpaka upepo ufae, akamshawishi alale katika kanisa dogo la Mtakatifu Sipriani karibu na bandari. Usiku ule mama alipokuwa akisali, merikebu ikatweka tanga. Baadaye mama aliivuka bahari hiyo hiyo kumfuata, na chombo kilipopatwa na dhoruba yeye ndiye aliyewatia moyo mabaharia, kumbe desturi ni mabaharia kuwatuliza abiria.

Sasa twaja kwenye kurasa nizipendazo kuliko zote, nazo zimo katika kitabu cha 9. Mama amekwisha kufa, na mwandishi anarudi nyuma kumweleza alivyoishi na majirani wa Thagaste. Asema alikuwa na kipaji kimoja. Wanawake wawili walipogombana, kila mmoja alimjia kwa wakati wake na kumwaga uchungu wote dhidi ya mwenziwe asiyekuwapo. Monika alisikiliza pande zote mbili, kisha hakumpelekea yeyote neno la mwingine, ila lile tu liwezalo kuwapatanisha. Augustino aongeza kwamba angeliona jambo hilo kuwa dogo kama asingalijua watu wasio na idadi ambao hupeleka maneno ya hasira kwa wenye kuhasimiana, tena huongeza yasiyosemwa.

Tua hapa kidogo. Katika kitabu kilichojaa elimu ya nyota, asili ya uovu na maana ya wakati, askofu mkuu anasimama kumsifu mwanamke wa mtaani kwa sababu ya maneno ambayo hakuyasema. Sijui mahali pengi katika vitabu vya kale ambapo urafiki wa wanawake majirani umepewa heshima kama hiyo. Urafiki wa wanaume umesimuliwa tele, na ndani ya Maungamo yenyewe umo: yumo Alypius, yumo Nebridius, yumo rafiki wa ujana aliyekufa na kumwachia mwandishi majonzi makubwa. Urafiki wa wanaume hao ni wa kujadiliana vitabu. Urafiki wa Monika ni wa kisimani na uani, mahali ambapo neno moja lililopelekwa vibaya huvunja nyumba mbili. Wahenga husema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Monika alikuwa na mzigo mzito kuliko huo, maana alichunga hata ndimi za wengine. Wanafunzi wangu nikiwapa insha ya kumsifu mama, wengi huandika jasho, kuni na machozi, na mama zao wote hawasemi neno. Nawashauri wamwige Augustino, waandike mama alisema nini, na alinyamaza wapi.

Hata hivyo kurasa hizo hizo zina jambo linaloniudhi, wala sitalificha kwa kuwa mwandishi ni mtakatifu. Patricius alikuwa mkali wa hasira, tena hakuwa mwaminifu katika ndoa. Monika alinyamaza mpaka hasira ipoe, ndipo akajieleza. Wala haikusikika hata siku moja kwamba mume alimpiga. Wanawake wengine walikuja na alama za mapigo usoni wakiwalaumu waume wao. Monika akawajibu, kama kwa utani, kwamba tangu siku waliposomewa hati ya ndoa walipaswa kuihesabu kuwa hati ya utumwa, wasishindane na mabwana zao. Augustino anayasifu maneno hayo. Asema waliomfuata walimshukuru, wasiomfuata wakaendelea kuonewa.

Mimi nasema hapa ulimi wa Monika ulikuwa na busara ya kumlinda yeye, lakini haukuwa na haki ya kuwapa wenziwe. Nyuso zile zenye alama hazikuwa kosa la wenye nyuso. Twaweza kumwelewa: katika mji ule sheria na desturi zilikuwa upande wa mwanamume, na mwanamke mwerevu alitafuta njia ya kuishi. Katika Kenya, sheria ya mwaka 2015 humkinga mtu na ukatili wa nyumbani, na msichana anayesoma ukurasa huu asidhani ameamriwa na mtakatifu avumilie fimbo. Aangalie pia habari inayofuata mara moja. Mama mkwe wa Monika alichongewa na vijakazi. Monika akamshinda kwa upole na utumishi. Mama mkwe akamwambia mwanawe awaadhibu wachongezi, na Patricius akawapiga. Kisha nyumba ikawa na amani tamu. Augustino asimulia hayo bila kuuliza vijakazi waliionaje amani hiyo. Sifuti heshima yangu kwa Monika. Nasema tu kwamba msifuji ametuonyesha zaidi ya alivyokusudia, na msomaji mwema huyaona yote mawili.

Upungufu mkubwa kuliko huo umo katika kitabu cha 6. Augustino aliishi miaka zaidi ya 10 na mwanamke asiyemwoa, wakapata mtoto wa kiume, Adeodatus. Huko Milano ikatafutwa ndoa ya heshima ili Augustino apande cheo na hatimaye abatizwe, na aliyejitahidi sana katika uchumba huo ni Monika. Bibi arusi aliyechaguliwa alikuwa bado amepungukiwa na miaka 2 kufikia umri wa kuolewa. Mwanamke wa kwanza akaondolewa kama kizuizi. Akarudi Afrika, akiweka nadhiri kwamba hatamjua mwanamume mwingine, na mtoto akabaki kwa baba. Mwandishi asema moyo wake ulitoka damu, namwamini. Lakini jina la mwanamke yule hakulitaja. Na Monika, aliyepatanisha mji mzima, alimwambia nini mama huyo mwenziwe siku ya kuagana? Kitabu kimenyamaza. Jambo moja tu la kumtetea Monika twalipata humo: aliombwa na mwanawe amwulize Mungu juu ya ndoa ile, akaona mambo ya ubatili tu, naye akamweleza hivyo hivyo, kwamba hayakutoka kwa Mungu. Angeweza kudanganya. Ndoa yenyewe haikufungwa, maana mwaka 386 Augustino aliongoka akaacha habari za kuoa.

Vuli ile walikwenda na marafiki kukaa katika shamba la Cassiciacum karibu na Milano, wakijadiliana juu ya heri na mpango wa ulimwengu. Monika alikuwamo, na mazungumzo yaliandikwa yakawa vitabu. Alipoona neno lake linaandikwa akauliza kwa mshangao kama katika vitabu wasomavyo wao wanawake nao huingizwa. Mwanawe akamjibu kwamba zamani wanawake nao walitafuta hekima, na kwamba hekima yake yeye inampendeza sana. Naona ni miongoni mwa maswali mazuri yaliyopata kuulizwa na mama mbele ya wasomi.

Pasaka ya mwaka 387 Augustino akabatizwa na Askofu Ambrosio. Miezi michache baadaye mama na mwana walikuwa Ostia, bandari ya Roma, wakingoja chombo cha kurudi Afrika. Walisimama wawili peke yao dirishani, bustani iko chini yao, wakaongea juu ya uzima wa milele mpaka maneno yakawaishia, wakaugusa uzima huo kwa dakika moja ya moyo, kisha wakarudi tena kwenye kelele za vinywa vyao. Mwuza maneno na mwenye kuchunga maneno wamefika pamoja mahali ambapo maneno hayafai kitu. Siku chache baadaye mama akashikwa na homa, na siku ya tisa akafariki, akiwa katika mwaka wa 56 wa umri wake. Ndugu yake Augustino alitamani mama asifie ugenini. Mgonjwa akamkazia macho ya kumkemea, akasema mwili wauzike popote, ila wamkumbuke madhabahuni. Naye kabla ya hapo alikuwa ametengeneza kaburi lake nyumbani kando ya mumewe.

Augustino akamfumba macho na kuyazuia machozi yake mwenyewe. Adeodatus alipoangua kilio alinyamazishwa. Usiku akalala, akaamka, ndipo akalia, sehemu ndogo ya saa moja, na hayo machache anayaombea radhi kwa msomaji atakayemcheka. Mama alimlilia miaka na miaka bila kumwomba mtu radhi.

Katika Maungamo yote jina la Monika limeandikwa mara moja tu, mwishoni mwa kitabu cha 9, kando ya jina la Patricius, mwana anapowaomba wasomaji wawakumbuke wazazi wake. Kurasa zote za kabla ya hapo ni mama tu. Mwaka 1945 vijana wawili waliokuwa wakichimba shimo karibu na kanisa la Mtakatifu Aurea huko Ostia walifukua kipande cha jiwe la kaburi lake. Shairi lililochongwa juu yake humtaja Augustino kwa jina. Jina la mama halimo.