Tunakula Majina Yao

Ndugu msomaji, aliyezoea tahakiki za kurasa hizi atategemea kukuta riwaya au diwani ya mashairi imelazwa mezani na kupasuliwa. Leo mezani pana sahani. Nataka kuhakiki hoteli, sio hoteli ya kulala bali ile ya kula, na tena ile iliyojivika muziki: jina la mwanamuziki mlangoni, gitaa ukutani, spika kila kona. Mwenye kuona kwamba hii si kazi ya fasihi namwomba avumilie. Hoteli ya namna hiyo ina mandhari, ina wahusika, ina lugha, na ina ujumbe unaomezwa pamoja na chakula. Si ndivyo vitu tulivyofundishwa sekondari kuvitafuta ndani ya kitabu?

Mtindo wenyewe umetoka mbali. Mwaka 1971 Wamarekani wawili walifungua Hard Rock Cafe mjini London, na baadaye kuta zake zikajaa magitaa na mavazi ya wanamuziki maarufu. Matawi yakasambaa duniani. Kule Orlando, Florida, tawi lake limekaa jirani kabisa na viwanja vya maajabu vya Universal. Watu wakishachoka kuzungushwa na mitambo na kupiga mayowe, wanatoka kwenda kula chini ya magitaa. Kwa hiyo hoteli ya muziki na kiwanja cha kufurahishia watu ni mtu na ndugu yake. Mteja wao ni mmoja: yule aliyekuja na hela ya kutumia na siku chache za kuitumia.

Kwetu Afrika Mashariki mfano uliovuma ni Mercury's, mgahawa uliofunguliwa ufukweni mwa Mji Mkongwe, Unguja, si mbali na bustani ya Forodhani. Jina ni la Freddie Mercury, aliyezaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946 akiitwa Farrokh Bulsara. Alipelekwa kusoma India, akarudi 1963, na mwaka uliofuata, baada ya Mapinduzi, familia yake ikahamia Uingereza. Huko ndiko alikopata umaarufu na kundi la Queen, na huko ndiko alikofia Novemba 1991. Mwaka 2006, mgahawa ulipotaka kufanya sherehe ya miaka 60 tangu azaliwe, jumuiya ya Uamsho ilikuja juu, na sherehe ikavunjika. Mimi sitaki kuwaamulia Wazanzibari ugomvi wao. Nachukua fundisho moja tu: jina la mwanamuziki si rangi ya ukutani. Ukilitundika, umetundika maisha ya mtu, na watu watakuuliza habari zake.

Tazama na jambo la pili. Ufukweni huko huko, katika jengo la zamani la forodha, Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi, kilichoanzishwa 2002, kilifundisha vijana udi, kanuni na ngoma kwa miaka mingi. Mwaka 2019 chuo hicho kilitangaza kwamba huenda kikafungwa kwa kukosa fedha. Sisemi mgahawa ndio uliokinyima. Nasema kwamba katika mji mmoja, jina la mwanamuziki aliyekwisha kufa lilikuwa na soko, na mikono ya wanaojifunza kupiga ilikuwa haina. Hapo ndipo penye swali langu lote. Hoteli ya muziki inaulisha muziki, au inaula?

Sasa turudi kwetu Mara, maana swali hili halikuishia Unguja. Guta iko kando ya Ghuba ya Speke. Lango la Ndabaka la Hifadhi ya Serengeti liko upande wa kusini, kwenye barabara kuu ya Mwanza kwenda Musoma. Sisi hatuna mitambo ya kuzungusha watu. Kiwanja chetu cha maajabu ni hifadhi yenyewe, na wageni wakitoka huko vumbi limewajaa wanatafuta pa kula. Katika barabara hiyo ipo hoteli ninayoihakiki. Jina lake silitaji, kwani mwenyewe ni mtu anayehangaika kama sisi, na shabaha yangu si kumvunjia biashara.

Tuanze na mandhari. Ni banda kubwa la makuti, safi, lenye upepo mzuri. Nguzo zimechorwa magitaa, ngoma na tarumbeta. Kila meza ina kibao chenye jina: Meza ya Mbaraka, Meza ya Remmy, Meza ya Marijani, na ile ndefu ya watu kumi inaitwa Sikinde. Tuseme ukweli, mtu akiingia moyo unachangamka. Mwenye hoteli angeweza kuandika namba tu kama wengine. Kuwaweka Mbaraka Mwinshehe, Remmy Ongala na Marijani Rajab mbele ya wageni ni heshima, na ni wazo la mtu mwenye akili. Kwa mandhari amefaulu.

Lugha nayo inachekesha. Kwenye orodha ya vyakula utakuta Sato Solo, Kuku Besi na Mbuzi Tumba. Niliagiza Sato Solo kwa sh. 15,000, na kweli alikuja solo, peke yake kwenye sahani. Ugali unaagizwa mbali. Nikacheka mwenyewe. Samaki alikuwa mtamu, amekaangwa akakauka vizuri, na kachumbari ilikuwa na ndimu ya kutosha. Katika hili sina ugomvi.

Ugomvi unaanzia kwenye wahusika. Mimi nilikaa Meza ya Marijani. Nikamwuliza dada aliyenihudumia, "Samahani dada, huyu Marijani ni nani?" Akatazama kibao kama anakiona siku ile. "Kwa kweli sijui kaka. Nadhani alichezea Simba zamani." Simlaumu hata kidogo. Hakuambiwa. Lakini masikio yangu yakaanza kusikiliza. Tangu niingie hadi naondoka, zaidi ya saa nzima, spika zilitoa Bongo Fleva na nyimbo za Naijeria, wimbo wa Marijani haukupigwa hata mmoja. Wala wa Mbaraka. Wala wa Remmy. Yaani mwenye meza hakuruhusiwa kusema mezani pake!

Sasa mimi nitasema kidogo kwa niaba yake. Marijani Rajab aliitwa Jabali la Muziki. Nyimbo zake zilikuwa hadithi kamili, zenye mhusika, tatizo na fundisho. Kijana anayetaka kuandika riwaya atajifunza kwake namna ya kumwingiza mtu kwenye shida kwa maneno machache. Radio Tanzania ilimfikisha hadi vijijini. Lakini huyo Jabali miaka yake ya mwisho aliuza kanda za kaseti kwenye kibanda Kariakoo, Dar es Salaam, apate riziki. Alifariki 1995. Hebu weka mambo hayo mawili bega kwa bega: mwanamuziki anayeuza kanda ili ale, na meza yenye jina lake ambayo mtu analipa sh. 15,000 kulia sato. Hapo ndipo samaki aliponikwama kooni, ingawa mifupa hakuwa nayo.

Nao wenzake wana hadithi. Mbaraka Mwinshehe aliyevuma na Morogoro Jazz alikufa kwa ajali ya gari nchini Kenya, Januari 1979, angali kijana. Remmy Ongala alizaliwa Kindu, Kongo, akaja Dar es Salaam 1978, akaimba habari za maskini na za ukimwi wakati wengine wanaona haya, na mpaka leo watu wa daladala husema "Sinza kwa Remmy". Alifariki Desemba 2010. Maneno haya machache yanatosha kuandikwa nyuma ya kila kibao. Rangi yake bei gani? Mgeni angekula na kujua, na mhudumu angekuwa na la kumweleza.

Kuna watakaosema nadai makubwa kwa mtu wa chipsi. Basi nitawapa mfano wa hapa hapa nchini wa nyumba iliyouza chakula na muziki pamoja. Mlimani Park ilikuwa baa Dar es Salaam, na jina lake lina hiyo "park" ya kiwanja cha starehe. Mwaka 1978 ikaanzishwa bendi ya Mlimani Park chini ya kampuni ya Tanzania Transport and Taxi Services. Mwaka 1983 ikachukuliwa na Shirika la Maendeleo Dar es Salaam, DDC. Mtindo wao ndio Sikinde, jina la ngoma ya Wazaramo. Pale bendi ndiyo ilichukua jina la baa, na jina la baa likakua kwa jasho la bendi. Mtu alikula nyama yake, akanywa, na mwanamuziki aliyekuwa mbele yake alikuwa mwajiriwa mwenye mshahara.

Tusipake rangi lakini. Vyombo vilikuwa mali ya mwenye bendi, sio ya wapigaji. Mshahara haukuwashibisha wote, ndiyo maana mwaka 1985, Safari Sound ilipotoa donge nono, wanamuziki kadhaa wa Sikinde walihamia huko. Hata hivyo uzuri wa mpango ule ni kwamba mwanamuziki alikuwa na mahali pa kudai. Alijua nani anamdai, na nani anadaiwa. Kibao cha mezani hakidaiwi na mtu.

Yupo mhusika mmoja wa hoteli ile sijamtaja, naye ndiye mkuu. Wageni wa magari ya hifadhi walipoingia, spika zikazimwa. Akatokea mzee na litungu lake la Kikurya, nyuzi nane, njuga mguuni. Akakaa kwenye kigoda karibu na mlango wa jikoni. Jamani, mzee anapiga! Vidole vinakimbia, mguu unajibu, sauti inapanda na kushuka kama mtu anayesimulia msiba na harusi kwa pumzi moja. Wageni walipiga picha, wakapiga makofi, wakarudi kwenye kuku wao. Alipopumzika nikamsogelea.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu."

"Hapa wanakulipa kwa siku au kwa mwezi?"

Akacheka. "Wageni wakitoa, nakula. Wasipotoa, nakunywa maji narudi nyumbani."

Nikatazama huku na huku. Meza ziko nyingi, vibao viko vingi. Jina la mzee huyu halikuandikwa popote, na mezani hana nafasi. Ndugu msomaji, hoteli nzima ilijengwa kwa heshima ya wanamuziki, na mwanamuziki pekee aliyekuwa hai mle ndani hakupewa sahani.

Dhamira ya kazi hii basi ni nini? Inasema tunapenda muziki. Lakini matendo yake yanasema tunapenda wanamuziki waliokwisha kufa, kwa kuwa hao hawali.

Sheria ya hakimiliki ya 1999 inampa mtunzi haki ya kulipwa pale kazi yake inapotumiwa na mfanyabiashara kwa umma. Ni jambo jema, na wenye mahoteli walipe mirabaha wasikwepe. Ila sheria hiyo haitamfikia kirahisi mzee wa kigodani, ambaye hana kanda, hana sidii, na nyimbo zake nyingine alizikuta kwa babu yake. Yeye atafikiwa na utu wa mwenye hoteli tu: sahani moja ya ugali na sato, na ujira uliopatanwa kabla hajakaza nyuzi.

Mtu asidhani nashupalia jambo dogo. Serikali ilikwisha kuamua kwamba eneo la Nyatwali, jirani zetu, liunganishwe na Serengeti ili wanyama wafike ziwani, na wakazi wake wakatakiwa kuhama kwa fidia. Maana yake wageni watazidi kusogea upande wetu, na hoteli za namna hii zitaota kando ya ghuba. Wenye fedha watatafuta majina ya kutundika. Watatundika litungu ukutani, watachora ngoma za Wajita na Wasukuma kwenye nguzo, na vyakula vitapewa majina ya mababu zetu. Tukinyamaza sasa, tutakuja kuwa pambo katika hoteli zilizojengwa kwetu, na kuingia ndani tutaingia kwa mlango wa jikoni.

Nafunga hesabu kama tahakiki inavyotaka. Kufaulu kwake: mandhari mazuri, chakula kitamu, majina yaliyochaguliwa vyema. Kutofaulu kwake: majina hayana habari, meza hazina nyimbo, na mpigaji hana sahani. Makosa yote matatu yanarekebishika kwa wiki moja, na mwenye hoteli akiyarekebisha nitakuwa wa kwanza kumsifu, na jina la hoteli yake nitaliandika kwa herufi kubwa.

Nanyi vijana wenzangu mnaotaka kuandika, kazi yetu iko hapo hapo. Siti binti Saad alitoka Fumba akiuza vyungu, akaimba hadi sauti yake ikaingia kwenye santuri, na tunajua maisha yake kwa sababu Shaaban Robert aliketi akayaandika. Hakungoja hoteli imwekee Siti kibao. Katika kata yako yupo mpiga litungu, mpiga zeze, au mama anayeongoza nyimbo za misiba. Mwamkie, mwulize jina lake kamili na nani alimfundisha, kisha uandike. Na kama una chochote mfukoni, mnunulie chakula kwanza.